Mguu wa Kushoto wa Bibi Harusi

Miezi minne kabla ya harusi, msichana mmoja wa Makorora, Tanga, alianza kupaka krimu usoni, shingoni na mikononi. Kopo la kwanza alipewa na shoga yake wa saluni. La pili na la tatu alijinunulia mwenyewe. Halikuwa na orodha ya viambato. Lilikuwa na picha ya mwanamke mweupe kuliko mtu yeyote wa mtaa ule, maandishi ya lugha asiyoisoma, na onyo moja dogo la Kiingereza: krimu isigusane na dhahabu wala fedha. Akadhani anashauriwa kuitunza pete yake ya uchumba.

Msomaji asimtafute Makorora. Nimemtunga, pamoja na mama yake, shangazi yake na somo wake anayemfunda. Ugonjwa uliompata sikuutunga. Upo, una jina refu hospitalini, na huenda hivyo hivyo utakavyosoma: polepole kwa miezi, kisha ghafla kwa siku moja.

Wiki za mwanzo zilikuwa za sifa. "Umetakata, shoga!" walimwambia bombani. Mwezi wa pili uso ukaanza kujaa. Akiamka, kope zilikuwa nzito na mashavu yametuna. Ikifika alasiri uso umeshuka, na sasa ni miguu iliyovimba mpaka kanda za ndala zinamwachia alama. Mama yake aliyaona hayo kwa furaha. "Mwanangu amenawiri," akasema, na majirani wakaitikia kwamba harusi ikikaribia mwili nao hujua. Fundi cherehani alilifumua gauni mara mbili. Kwetu mwili ukijaa, hakuna anayeuliza umejazwa na nini.

Ulijazwa na maji. Lau mtu angebonyeza kwa kidole gumba juu ya muundi wake, akahesabu mpaka kumi, kisha akaondoa kidole, angeliona shimo limebaki pale pale. Unene wa chakula hauachi shimo la namna hiyo. Na chooni, mkojo wake ulikuwa na povu jeupe lililokaa juu hata baada ya kumwaga maji. Hilo aliliona yeye mwenyewe, kila siku, akailaumu sabuni ya kusugulia choo.

Kila figo ya binadamu ina vichujio vidogo vidogo vipatavyo milioni moja. Damu hupita humo usiku na mchana. Maji na taka huchujwa kwenda kuwa mkojo, lakini protini hubaki ndani ya damu. Anayekamua tui la nazi anajua kazi ya kifumbu: tui lipite, machicha yabaki. Kifumbu kikilegea ukili wake, machicha nayo hupita. Vichujio vya bibi harusi vilikuwa vimelegea namna hiyo, na protini ya damu yake, hasa ile iitwayo albumini, ilikuwa inamwagika chooni. Mtu mwenye figo nzima hupoteza chini ya miligramu 150 za protini kwa siku katika mkojo. Mgonjwa wa aina hii hupoteza zaidi ya gramu 3.5, na wapo wanaofika gramu 10 na kupita. Albumini ndiyo inayoyashika maji yasitoke kwenye mishipa. Ikipungua, maji huvuja na kwenda kujaa chini ya ngozi. Madaktari huita hali hiyo sindromu ya nefrotiki.

Na kilichovilegeza vichujio kilikuwa ndani ya kopo. Chumvi za zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili, na kwa ajili hiyo hutiwa katika krimu za kung'arisha. Lakini zebaki haiishii kwenye ngozi. Hupenya, huingia katika damu, na figo ndiyo ghala lake. Lile onyo kuhusu pete lilikuwa la kweli kabisa: zebaki hushikamana na dhahabu, na wachimbaji wadogo wa Geita wanalijua hilo kuliko sisi wa pwani, maana ndiyo njia yao ya kuikamata dhahabu iliyotawanyika mchangani. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba onyo la namna hiyo juu ya kopo la krimu ni dalili ya kuwamo zebaki ndani yake. Aliyeitengeneza alikuwa na huruma na pete kuliko aliyeivaa.

Haya si mambo mapya Afrika Mashariki. Mwaka 1972 jarida la tiba la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha uchunguzi wa madaktari wa Nairobi juu ya watu wazima 60 waliougua sindromu ya nefrotiki. Zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zaidi ya nusu! Zaidi ya miaka 50 imepita tangu hapo. Huko Kerala, India, kati ya mwaka 2021 na 2023, madaktari walikuta wagonjwa 15 wenye aina moja maalumu ya ugonjwa huu, na 13 kati yao wakakiri kutumia krimu za kung'arisha ngozi. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni. Baadaye nchi wanachama zikakubaliana kuvikomesha vyote kufikia 2025. Karatasi zimesainiwa. Makopo yangali sokoni.

Turudi kwa bibi harusi, maana mpaka hapa alikuwa bado ni mgonjwa wa kuvimba tu, na watu wengi hawafi kwa kuvimba.

Shangazi yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kutilia shaka. Alikuja kutoka Pangani, akamtazama, akasema, "Huyu si mnene, huyu amevimba." Alisema kweli. Kisha akafanya kama wafanyavyo watu wenye upendo na haraka: akaenda duka la dawa, akaomba Lasix, dawa ya kukojosha, akapewa bila kuulizwa cheti. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Na dawa ikafanya kazi yake. Msichana alikojoa kutwa, uso ukashuka, gauni likamkaa. Nyumba nzima ikamshukuru shangazi.

Dawa ya kukojosha si mbaya yenyewe. Daktari naye huiandika kwa mgonjwa huyu. Tofauti ni kwamba daktari hupima kwanza, huanza na kiasi anachokijua, na humtazama mgonjwa. Kinachotoka mwanzo ni maji yaliyomo ndani ya mishipa, ambayo kwa mgonjwa huyu tayari ni machache, kwa kuwa mengine yameshavuja kwenda chini ya ngozi. Yakitolewa kwa nguvu kuliko yanavyoweza kurudi, damu inayobaki huwa nzito. Na damu ya bibi harusi ilikuwa na sababu nyingine za kuganda, ambazo hapana mtu nyumbani aliyeweza kuzijua.

Mwili hubeba vitu viwili vinavyopingana. Vipo vya kuigandisha damu, ili mtu akijikata na kisu asitokwe damu mpaka akafa; na vipo vya kuizuia isigande ovyo ndani ya mishipa. Kimojawapo cha hivi vya kuzuia ni protini iitwayo antithrombini. Ukubwa wake haupishani sana na albumini. Kwa hiyo vichujio vilivyolegea vinapoiachia albumini, antithrombini nayo hupita, ikaishia chooni. Ini, likiona protini zimepungua katika damu, huanza kutengeneza nyingine kwa wingi, lakini halichagui: hutengeneza na zile za kugandisha, kama faibrinojeni, ambazo ni kubwa na hazipiti kwenye vichujio. Basi za kuzuia zinamwagika, za kugandisha zinarundikana. Chembe sahani, zinazoziba majeraha, nazo huwa nyepesi kushikana. Hapo bado hujataja uzito wa damu, wala kulala kitandani kutwa, wala vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo watu wasilolijua. Ukitaja ugonjwa wa figo, msikilizaji hufikiria mashine ya kusafisha damu. Ni kweli figo zikifa mashine huhitajika. Lakini katika aina hii ya ugonjwa, figo zinaweza kuwa bado zinasafisha taka vizuri, kipimo cha kreatinini kiko sawa, na mgonjwa akafa kwa damu iliyoganda. Hatari ni kubwa zaidi katika miezi 6 ya mwanzo, yaani wakati ambao mgonjwa na jamaa zake bado wanabishana kama huo ni ugonjwa au ni afya. Na katika aina zote za sindromu hii, ile ambayo utando wa vichujio hunenepa ndiyo inayogandisha damu kuliko nyingine. Zebaki ya krimu mara nyingi huleta aina hiyo hiyo.

Wiki tatu kabla ya harusi, bibi harusi alikwenda Dar es Salaam na wifi yake kununua vitu Kariakoo. Kutoka Tanga ni kilomita zipatazo 350. Alikaa dirishani, na kwa kuwa amemeza Lasix alfajiri, hakunywa maji njiani ili asilisumbue basi kusimama. Akarudi kesho yake vilevile. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa bila kujongea kwa saa 4 au zaidi huongeza kama maradufu hatari ya damu kuganda, hata kwa mtu mwenye afya yake. Kwa mwenye afya hatari hiyo ni ndogo mno, maradufu yake bado ni ndogo. Huyu hakuwa mwenye afya.

Siku mbili baadaye mguu wa kushoto ulivimba.

Miguu yote miwili ilikuwa imezoea kuvimba, na huo ndio mtego wa maradhi haya. Mtu asiye na ugonjwa wa figo akivimba mguu mmoja, atashtuka yeye na watakaomwona. Lakini bibi harusi alikuwa akivimba kila siku, na nyumba nzima ilikuwa imekwisha kuzoea kumwona amenyoosha miguu juu ya mto. Haikuonekana upesi kwamba sasa wa kushoto umeuzidi wa kulia, kwamba una joto, kwamba ngozi yake inang'aa na umekuwa na wekundu unaoelekea uzambarau, kwamba akikanyaga chini nyama ya nyuma ya mguu inamkaza kwa maumivu. Kuvimba kwa figo huja pande zote mbili. Mguu mmoja ukiuacha mwenzake, hiyo ni habari nyingine.

Habari hiyo ilisomwa na kila mtu kwa macho yake. Shangazi alisema, "Amekanyagishwa huyu. Mwenye husuda ameshapita." Bibi yake, mzee wa Kigombe, akakataa: "Hilo ni tende." Sipendi kuwacheka. Tende ipo pwani, na macho ya bibi yameyaona matende ya kweli. Ila tende ni ya minyoo inayoenezwa na mbu na hujengeka kwa miaka, haiji baina ya Jumatatu na Jumatano. Kuhusu husuda sina la kusema, ila kwamba anayeamini amekanyagishwa anaweza kwenda hospitali asubuhi na kwa shehe jioni, na hakuna aliyewahi kukatazwa.

Wakaitwa watu wa kuchua. Alikuja mama mmoja mwenye mkono mzuri, anayesifika kwa wazazi na waliovunjika, na mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Akaweka mguu pajani. Akauchua kutoka kwenye kifundo kwenda juu, kwa nguvu, kama inavyopasa kuchuliwa mguu uliokaza. Msichana alilia, akaambiwa avumilie, maradhi ndiyo yanatoka. Jioni akachuliwa tena. Siku ya pili asubuhi, katikati ya kuchuliwa, alishika kifua.

Bonge la damu lililoko kwenye mshipa mkubwa wa mguu, katika siku za mwanzo, halijashikamana sawasawa na ukuta wa mshipa. Linaweza kunyofoka lenyewe, na kulichua ni kulisaidia linyofoke. Likinyofoka hupanda na damu, hupita tumboni, huingia upande wa kulia wa moyo, na moyo huisukuma damu hiyo kwenda mapafuni. Huko mishipa hugawanyika na kuwa myembamba, na bonge hukwama. Ikiwa ni dogo, mtu husikia kichomi anapovuta pumzi, huenda akakohoa damu kidogo, na moyo humwenda mbio. Ikiwa ni kubwa, mtu huanguka. Likiwa kubwa kabisa, hufa palepale alipo, kabla hata teksi haijapatikana. Na watu husema alikuwa mzima, alikuwa akiongea nasi sasa hivi.

Bibi harusi alianguka, akazinduka, akawa anahema kama aliyekimbizwa. Mama mchuaji, na ninamsifu kwa hili, ndiye aliyesema pasipo kusita: "Hili si langu. Mpelekeni hospitali."

Hospitali waliyofikia haikuwa na mashine za ajabu. Nesi wa mapokezi alimwekea oksijeni, akamtazama miguu, akachukua utepe akaipima mapaja na miundi yote miwili: mguu wa kushoto uliuzidi wa kulia kwa sentimita tano. Kisha akamwomba mkojo kidogo, akachovya kijiti. Kijiti kilibadilika rangi mpaka mwisho: protini plasi nne. Kijiti hicho ndicho kile kile wanachopimiwa wajawazito kliniki. Ni kipimo cha bei ndogo kuliko takriban vyote katika maabara, hutoa jibu kwa dakika mbili, na kingeweza kufanyika miezi miwili nyuma katika zahanati yoyote yenye vijiti hivyo. Harusi ile ilikuwa imekwisha kutumia fedha kwa hina, kwa ukumbi na kwa gauni lililofumuliwa mara mbili.

Vipimo vingine vilifuata. Albumini katika damu, ambayo hutakiwa isipungue gramu 35 kwa lita, ilikuwa 16. Madaktari huanza kuingiwa na hofu ya damu kuganda albumini ikishuka chini ya gramu 28 hivi, na ikizidi kushuka hofu nayo huzidi. Wapo wagonjwa wanaoanzishiwa dawa ya kuzuia kabla bonge halijatokea, kwa ajili ya namba hiyo peke yake. Altrasaundi ya mishipa ya mguu ilionyesha bonge kuanzia nyuma ya goti mpaka pajani. Alihamishiwa hospitali kubwa kwa picha ya kifua, na huko mishipa ya mapafu yote mawili ikaonekana imeziba sehemu.

Wakamwanzishia heparini kwa sindano. Hapa ugonjwa huu una ukorofi wake: heparini haifanyi kazi peke yake, hufanya kazi kwa kuitia nguvu antithrombini, na antithrombini ndiyo iliyokuwa ikimwagika na mkojo. Kwa hiyo wagonjwa wengine huhitaji kiasi kikubwa kuliko kawaida, na damu kupimwa mara kwa mara ili ijulikane kama dawa imeshika. Kisha hufuata vidonge, mara nyingi warfarini, kwa miezi kadhaa, na kwa kawaida mpaka albumini ipande. Warfarini nayo ina masharti. Kuna kipimo kiitwacho INR, ambacho hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikipungua damu itaganda, kikizidi mtu atavuja damu. Diklofenaki ya kununua dukani haichanganywi nayo, na figo zenyewe haziitaki. Dawa za majani zisizojulikana hazichanganywi nayo. Na mwanamke anayetumia warfarini hatakiwi kushika mimba, kwa kuwa hudhuru mtoto tumboni. Hili la mwisho daktari alilieleza mbele ya mama mkwe mtarajiwa, pengine bila kujua amesema nini.

Zaidi ya yote ilibaki kujua figo zimeharibiwa na nini. Sindromu ya nefrotiki ina milango mingi: kisukari, homa ya ini ya B, virusi vya UKIMWI, ugonjwa wa lupasi, baadhi ya malaria zinazokaa mwilini muda mrefu, na kwa watoto mara nyingi aina ambayo haina sababu inayojulikana na husikia vizuri dawa ya predinisoloni. Watoto hugandwa na damu mara chache kuliko watu wazima, ila mtoto mwenye ugonjwa huu akiharisha na kutapika asiachwe nyumbani akapungukiwa maji, na akilalamika kichwa kikali kisichokoma, apelekwe siku hiyo hiyo, maana damu huweza kuganda hata kwenye mishipa ya ubongo. Kwa watu wazima huweza pia kuganda kwenye mshipa unaotoa damu katika figo yenyewe: mtu husikia maumivu ubavuni na mkojo hubadilika rangi kwa damu, au asisikie chochote kabisa. Mfaransa Pierre Rayer aliieleza hali hiyo mwaka 1840, na kwa zaidi ya karne nzima waganga wa Ulaya walikuwa wakiamini kwamba bonge la kwenye figo ndilo linalosababisha protini kuvuja. Ilikuwa kinyume. Hata mabingwa waliisoma safari ya ugonjwa huu kutoka mwisho kwenda mwanzo, basi shangazi wa Pangani asilaumiwe mno.

Daktari aliuliza: unatumia dawa gani? Mama akajibu, hatumii dawa. Akauliza kuhusu miti shamba. Hakuna. Akauliza, "Na usoni unapaka nini?" Mama akasema singo tu, ya liwa na manjano, kama mabibi harusi wote. Msichana mwenyewe alinyamaza, kwa kuwa mama alikuwa amesimama pale na kwa kuwa krimu haikuwa kitu cha kumwambia mwanamume mwenye koti jeupe. Aliyesema ni somo. Siku ya tatu alikuja na kopo ndani ya mkoba, akaliweka juu ya meza ya daktari, akasema: "Mimi ndiye niliyemwambia aongeze. Lisomeni."

Sitaki kumfanya somo huyu shetani wa kisa. Alifundishwa kwamba bibi harusi mweupe huheshimiwa ukweni, na hakuliona hilo peke yake; limo katika mabango, katika video za muziki, katika mahari inayopanda na kushuka. Anayestahili hasira yangu ni yule anayeingiza makopo yasiyo na viambato kwa maboksi, na yule muuzaji anayejua na akanyamaza. Kazi ya kusimamia vipodozi Tanzania iko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019, na misako hufanyika. Misako inakamata mizigo. Haimkamati shoga wa saluni anayechota kijiko kutoka ndoo isiyo na jina na kuita mkorogo.

Harusi iliahirishwa. Familia ya mume ilisubiri, jambo ambalo si la kila familia. Krimu ilitupwa, na mataulo, mito na shuka vikaondolewa, kwa sababu zebaki hubaki humo na kuwafikia hata wasiopaka, watoto kwanza. Wenye bahati, wakiacha krimu, figo hupona zenyewe kwa miezi mingi. Wengine huhitaji dawa kali. Wengine hubaki na figo dhaifu maisha yao yote. Bibi harusi wangu nimempa bahati ya kati: povu lilipungua mwezi baada ya mwezi, albumini ikapanda, warfarini ikasimamishwa, lakini mguu wa kushoto umebaki mzito, huvimba jioni akisimama sana, na daktari amemwambia huenda ukawa hivyo daima. Rangi yake ya asili imerudi yote.

Kwa msomaji ninayo maombi matatu. Ukiwa na mtu nyumbani aliyevimba uso asubuhi na miguu jioni, mpeleke akapimwe mkojo kabla ya kumnunulia chochote. Na siku mguu mmoja ukiuzidi mwenzake, au pumzi ikimbana ghafla, mkono wowote usiuchue mguu huo, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na kama ni wewe, na unapaka kitu kisicho na orodha ya viambato, lichukue kopo lenyewe uende nalo, umwonyeshe daktari kabla hajakuuliza. Madaktari wengi hawaulizi.